Watani wa Mtunza Stoo

Kwa miezi kama minane, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na nikisubiri barua ya chuo, kazi yangu ilikuwa kusema uongo kwa sauti kubwa mbele ya watu. Kazi hiyo iliitwa kutafsiri. Nilikuwa mtafsiri wa banda la video pale Mwembesongo, Morogoro, banda la mabati lenye mabenchi ya shule, na mwenye banda alikuwa ameniweka juu ya stuli kando ya televisheni, nina fimbo ya kuonyeshea na Kiingereza cha vitabuni. Waigizaji walisema yao, mimi nilisema yangu, na watazamaji waliamini yangu. Nimeandika mengi tangu wakati ule na sijapata tena wasikilizaji watiifu namna hiyo.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara milango. Vitu tulivyokuwa tumevisahau vilirudi mjini kwa mkupuo: sabuni za kunukia, betri, suruali za mitumba, redio za kaseti, na video. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni, kwa hiyo kwetu televisheni ilikuwa kifaa cha kuonyeshea kanda tu, na kanda zenyewe zilikuwa za watu kurushiana mateke. Kutafsiri mateke ni kazi rahisi. Ungesema, "Anamwambia umemuua mwalimu wangu," na mara tisa katika kumi ungekuwa sahihi.

Kisha ikaja katoni. Mwenye banda aliinunua kwa mpishi wa mhadhiri mmoja Mwingereza aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao, akamwachia mpishi masufuria, vyandarua, na kanda kumi na nne. Mpishi alieleza kwamba kanda hizo zilirekodiwa Uingereza na mama yake yule mhadhiri, moja kwa moja kutoka kwenye televisheni ya sebuleni kwake, akawa anazituma kwa posta mwanawe asije akasahau kucheka. Juu ya kila kanda mama huyo alikuwa ameandika kwa kalamu jina moja tu, la mwigizaji wa vichekesho. Hakuandika mwaka, wala namba, wala kilichomo. Alikuwa akimpenda mwigizaji huyo, basi, na alidhani hilo linatosha.

Jina lenyewe sitaliandika, kwa sababu kwetu halikutumika. Baba yangu alimwita "mwenzangu", na nitaeleza kwa nini.

Baba alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja pale mjini. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne na kiunoni alining'iniza funguo nyingi kiasi kwamba tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa mtu wa taratibu. Meneja mwenyewe hakupata hata kipande cha sabuni bila fomu iliyotiwa sahihi. Siku aliyokuja bandani kwa mara ya kwanza hakuja kutazama video. Alikuja kuniita, kwa kuwa maji yalikuwa yametoka bombani na ndoo zilikuwa tupu. Akasimama mlangoni, mkono umeshika pazia. Kwenye kioo alikuwapo Mzungu mnene mwenye koti la kahawia na funguo kiunoni, amesimama nyuma ya kidirisha cha stoo, anamkatalia mtu ufagio.

"Huyu nani?" baba akauliza, kwa sauti ya kuuliza kiwandani.

"Mwigizaji, baba."

"Anafanya kazi gani?"

"Hapo ni mtunza stoo. Wa kiwanda cha vitasa."

"Ufagio anamnyimia nini?"

"Anasema fomu imejazwa kwa wino wa kijani."

Baba akafikiri. "Basi yuko sahihi," akasema, akaingia, akakaa. Maji yalikatika kabla hatujafika nyumbani, na mama hakutusemesha mpaka kesho yake.

Bandani siku hiyo alikuwamo pia rafiki yake mkubwa, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa boila kiwandani kwao. Sisi ni Waluguru, na Mluguru na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo wale wawili walikuwa wametukanana kwa miaka kumi na minane bila siku hata moja ya kugombana.

"Jamani, mtazameni mtumwa wangu!" Mnyamwezi akapaza sauti. "Amemwona ndugu yake wa kuzaliwa. Kumbe Waluguru wengine waliteremka mlima kwa upande wa pili wakatokea Ulaya!"

"Kaa kimya, mpagazi," baba akamjibu bila kugeuka. "Ukimaliza kubeba mizigo ya watu, njoo nikufundishe kukaa kwenye benchi."

"Nimekaa, mtani. Wewe ndiye umekaa upande. Mguu mmoja mfupi kwa kupandisha milima."

Banda zima likacheka, na baba akacheka, kwa kuwa aliyesema ndiye aliyekuwa na haki ya kusema.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote. Baba alirudi kesho yake, na kesho kutwa, saa tisa alasiri akitoka zamu. Kilichomrudisha hakikuwa Mzungu peke yake. Kilikuwa kile kicheko. Wale wanaozijua kanda za namna hiyo wanajua: mwigizaji akijikwaa, watu wasioonekana wanacheka. Sisi vijana tulikizoea kama tunavyozoea kelele ya jenereta. Baba hakukizoea.

"Hao ni nani?" aliniuliza tukirudi nyumbani.

"Watazamaji, baba. Wanaalikwa wanakaa mbele yake wakati anarekodiwa."

"Mbona hawajionyeshi?"

"Kamera haiwaangalii."

Kwa baba, kumcheka mtu aliyeanguka kulikuwa kwa aina mbili tu, tusi au utani. Ya tatu hakuijua. Anayekucheka pasipo kuonyesha uso angepaswa kuwa anatukana. Lakini baada ya siku chache alikuja na uchunguzi wake, na mpaka leo, baada ya shahada mbili na semina nisizozikumbuka, sijasikia mtu akisema neno la maana kuliko hilo juu ya uigizaji wa vichekesho.

"Mtazame vizuri," alisema. "Wakicheka, yeye hasemi. Anainua mkono kidogo, anawasubiri. Wanamaliza, ndipo anaendelea. Mtu hamsubiri anayemtukana. Wale ni watani wake."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijua kila kitu. Nilimweleza kwamba Waingereza hawana utani, kwamba hiyo ni biashara, kwamba watu hao hawamjui hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wafanyakazi wasio na fomu.

"Wewe unatafsiri maneno," alisema. "Kicheko hujakitafsiri."

Kanda zisizo na namba hazikumpa raha. Wiki moja mwenzake alikuwa mzee, wiki iliyofuata kijana, wiki ya tatu padri, kisha mtunza stoo tena. Mwishowe alimwomba mwenye banda ruhusa, akaja na gundi, karatasi na kalamu ya wino mweusi, akazipanga. Alizipanga kwa kumkagua mtu mwenyewe: nywele, tumbo, meno, mikunjo ya shingo. Mimi nilipeleka kanda mbele na nyuma, Mnyamwezi akatoa ushauri usioombwa. Namba moja alikuwa kijana mwembamba anayeanguka kutoka kwenye ngazi. Kwenye namba nne pete ya ndoa ilitokea kidoleni. Kwenye namba tisa haikuwepo, na alama yake nyeupe ilionekana alipokuwa akihesabu vitasa.

"Hapa mke ameondoka," baba akasema.

Tulinyamaza kidogo, watu watatu na fimbo ya kuonyeshea, kwa ajili ya ndoa ya Mwingereza.

Namba kumi na tatu alikuwa mtunza stoo tena, mnene kuliko wakati wowote, mashavu yamejaa, macho yanameta, anacheza kama mtu aliyekula akashiba. Na namba kumi na nne, ya mwisho, alikuwa mzee kabisa, nywele kama pamba, mikono inatetemeka, amekaa dirishani anawaagiza wajukuu wasiomsikia. Hiyo baba aliitazama mara mbili.

"Hapa anaaga," alisema.

Kulikuwa na kanda moja isiyokuwa ya kuigiza. Mwigizaji amekaa kwenye kiti, amevaa suti, anaulizwa maswali juu ya maisha yake. Baba aliniomba niitafsiri hiyo kwa haki, bila nyongeza, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilijaribu. Nilishindwa mahali pengi, lakini nilichokipata kilikuwa hiki. Alizaliwa mji wa mvua, baba yake fundi viatu. Jeshini aligundua kwamba akianguka wenzake wanasahau vita. Baadaye alichekesha watu kwenye kambi za mapumziko, majira ya baridi akivaa magauni kuigiza vikongwe kwenye michezo ya jukwaani ya watoto, miaka mingi, chumba cha kupanga na begi moja. Televisheni ilimchukua akiwa bado kijana, ingawa upara ulikuwa umeanza. Alipovaa lile koti la kahawia nchi nzima ilimjua, na tangu hapo hakuna aliyetaka kumwona bila koti. Aliwahi kupewa mchezo wa huzuni, alisema. Alikuwa daktari anayeingia kumwambia mama kwamba mwanawe amefariki. Alipotokea tu mlangoni, kabla hajafungua mdomo, ukumbi mzima ukacheka.

Aliposimulia hilo, watu wasioonekana wakacheka tena. Naye akawasubiri.

Bandani hakucheka mtu. Mnyamwezi alisema polepole, "Masikini ya Mungu." Baba akatikisa kichwa. "Mtu mwenye watani nchi nzima," alisema, "akifiwa atalilia wapi?"

Mwaka huohuo tangazo lilibandikwa kwenye lango la kiwanda. Kiwanda kingesimama kwa muda, kisha kingetafutiwa mnunuzi. Baba alikabidhi stoo kwa kijana mmoja kutoka makao makuu ambaye hakuzitazama hata rafu, alizitazama funguo tu. Koti hakuliomba mtu. Alirudi nalo nyumbani, bila ile milio ya kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu alitukuta tumekaa barazani hatujui kwamba amefika.

Mnyamwezi alirudi Tabora kwa treni. Tulimsindikiza.

"Usife kwa haraka, mtumwa wangu," alimwambia baba dirishani. "Bado sijaupata vizuri mwendo wako."

"Miaka kumi na minane hujaupata?"

"Ni mgumu. Unatembea kama mtu anayetafuta kitasa."

"Nikifa utakuja?"

"Nije! Mimi ndiye nitakayelala kaburini kwanza. Hawakuingizi mpaka wanitoe. Nitavaa koti lako, niwanyime watu majembe mpaka wajaze fomu. Watacheka mpaka wewe maiti uombe radhi."

"Sawa," baba akasema, kwa uzito wa mtu aliyepokea sahihi.

Msomaji wa kwetu anajua kazi ya mtani msibani. Kwa wasiojua: wafiwa wanalia, mtani anamwigiza marehemu. Anavaa nguo zake, anasema kwa sauti yake, anazuia mazishi mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi usoni. Mtoto hawezi kumfanyia baba yake hilo, wala ndugu, wala jirani. Ni mtani, na ni lazima afike kabla udongo haujarudishwa.

Baba aliendelea kuvaa koti mitaani, kwa mazoea tu. Vijana wa kijiweni Mwembesongo wakampata. "Mzee, stoo imefungwa!" walimpigia kelele. "Mshua, tupatie na sisi ufagio!" Walicheka, na nyuso zao zilionekana vizuri. Hakuna aliyekuwa mtani wake. Baada ya wiki chache alilitundika koti, na baada ya mwezi yeye na mama walihamia Mkuyuni, kwenye shamba la ukoo wa bibi mzaa baba, kwa ndizi na mananasi. Nami barua yangu ilikuwa imefika, nikaenda Dar es Salaam kusoma fasihi, jambo ambalo baba aliwaeleza majirani kuwa ni kutafsiri bila televisheni.

Chuoni alikuwapo mwalimu mmoja Mwingereza, mtu mpole. Siku moja, nikitaka kumfurahisha, nilimtajia mwigizaji wetu. Akashangaa kwamba tunamjua. Akasema alikufa zamani, ghafla, moyo. Nilipouliza ni lini, nikapiga hesabu, nikagundua kwamba alikuwa kaburini kabla katoni haijafika Morogoro. Vipindi vyake vya mwisho, mwalimu alisema, vilionyeshwa baada ya mazishi yake. Nchi nzima ilivitazama.

Likizo ilipofika nilikwenda Mkuyuni na habari hiyo. Nilimkuta baba kwenye kibanda cha zana. Alikuwa amechora ukutani kwa mkaa umbo la kila jembe, kila panga, kila kikapu, ili kisipokuwepo kionekane hakipo. Palikuwa na daftari, na mama, ambaye hakusoma, alitia dole gumba kila alipochukua jembe lake mwenyewe.

"Mwenzako amefariki, baba," nilisema.

"Lini?"

"Zamani. Wakati tunamtazama alikuwa ameshakufa."

Alikaa juu ya gogo. Nilidhani atahuzunika. Lakini uso wake ukafunguka kama mtu aliyekiona kitu kilichopotea stoo.

"Unaona sasa?" alisema. "Amekufa, na wanacheka. Wewe ulisema ni biashara. Nani anamcheka maiti kama si mtani?"

"Baba, kicheko kilirekodiwa kabla."

"Kabla, baada. Tulikisikia. Yuko kaburini na wanacheka, hawajamwacha." Alinitazama. "Mimi nataka hivyo. Sitaki nizikwe kama gunia. Siku yangu ikikaribia usingoje nife. Mpelekee mtani habari aje mapema, treni haiaminiki. Mtani haji kwa kubahatisha. Anapelekewa habari."

Akanionyesha kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, anwani ya Tabora. Nikasema ndiyo.

Ilipita miaka mitatu. Nilikuwa nimeshahitimu, nimeoa, nafundisha sekondari mjini Morogoro, baba alipoanza kuvimba miguu. Hospitali walimlaza, wakampa vidonge, wakamruhusu. Nilimchukua akae kwangu, Mwembesongo, karibu na madaktari. Wiki ya pili akaonekana kupona. Uso ulijaa, mashavu yakawa kama ya zamani, akawa anacheka na mke wangu. Ndipo aliponiambia, siku moja asubuhi nikinyoa ndevu:

"Mpelekee mtani habari."

"Lakini baba, unaendelea vizuri."

"Nimesema mpelekee."

Nilikwenda posta mchana ule. Niliandika kwenye fomu ya telegramu maneno matatu, BABA MGONJWA NJOO, kwa wino mweusi, nikapanga foleni, nikafika dirishani. Yule karani akanyoosha mkono. Sikumpa. Nilimwambia nimesahau kitu, nikatoka. Nimejieleza sababu nyingi kwa miaka mingi, nyingine nzuri sana, za mtu aliyesoma. Ukweli ni kwamba sikuweza kumwita mtu aje kulala ndani ya kaburi la baba yangu wakati baba yangu yuko nyumbani anakula uji. Niliona kama nikiipitisha karatasi ile dirishani, nimemtoa kwenye daftari. Na mashavu yake yalikuwa yamejaa. Nilisema kesho.

"Umetuma?" aliniuliza jioni.

"Nimetuma, baba."

Nilikuwa na ujuzi. Nilishawahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Aliishi siku sita tangu hapo. Kila siku aliuliza treni ya Tabora inafika saa ngapi. Kila gari liliposimama nje aligeuza kichwa. Siku ya nne alimwomba mke wangu alitoe koti sandukuni, alipige pasi, alitundike mahali ambapo mgeni akiingia ataliona. Siku ya tano alisema, "Huyu mpagazi anachelewa kwa makusudi, ndio mzaha wake." Akatabasamu kwa hilo. Siku ya sita, saa nne asubuhi, nilipokuwa darasani, alifariki.

Tulimzika Mkuyuni siku iliyofuata, baada ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi, dua ilikuwa nzuri, kila kitu kilikwenda kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe angeutilia sahihi. Jeneza lilifika kaburini na hakuna aliyelizuia. Nakumbuka tulisimama kidogo pale ukingoni, wazee wa ukoo wakatazamana, mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Watani hawapo?" Macho yakanijia mimi, maana walijua nimeagizwa. Nikatazama chini. Wakamshusha. Ulisikika udongo tu.

Niseme hapa jambo nililolijua juzi tu. Siku hizi mtu akitaka maisha ya mwigizaji yeyote anayapata kwenye simu, yamepangwa mwaka kwa mwaka, na siku moja nikiwa nimekaa bila kazi niliyatafuta ya yule Mwingereza. Baba alikuwa amezipanga kanda zote sawasawa isipokuwa mbili za mwisho. Yule mzee wa dirishani, mwenye nywele za pamba na mikono inayotetemeka, alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne aliyepakwa rangi. Hata kidole chake cha pete kilikuwa kimefunikwa na glavu. Kanda ya mwisho kweli, ile iliyoonyeshwa akiwa tayari kaburini, ilikuwa namba kumi na tatu, ile ya mashavu yaliyojaa. Wanasema ulikuwa moyo, maji yalikuwa yameanza kumjaa mwilini, na watazamaji wa wakati ule walifurahi kwamba amenenepa. Niliizima simu. Sote tulikuwa tumeikagua kanda ile, mtunza stoo, fundi wa boila na mtafsiri, na sote tulisema hapo bado yuko mzima.

Telegramu ya pili, ile iliyosema amefariki, niliipeleka posta mchana uleule aliofariki. Mnyamwezi alifika Mkuyuni siku ya tano baada ya mazishi, amezeeka, ana begi la turubai na kitita cha funguo kuukuu alizookota sijui wapi kwa ajili ya kazi. Alianza kutukana tangu barabarani, kama inavyotakiwa. "Yuko wapi mtumwa wangu? Nani amempa ruhusa ya kufa? Mleteni nimkague!" Akapanda mpaka uani, akatuona tulivyokaa, akaliona jamvi lina watu wachache waliobaki. Funguo zikanyamaza mkononi mwake.

"Mmeshamzika."

"Shikamoo," nilisema.

"Mlinipelekea habari ya kufa. Ya kuumwa iko wapi? Mimi na yeye tulikubaliana."

Ile fomu ya telegramu ya kwanza ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, imefuliwa mara moja, maneno hayasomeki. Nilimpa. Nilimweleza yote, hata yale ya koti kupigwa pasi na kichwa kugeuka kila gari liliposimama. Mtani ana haki ya kumtukana mfiwa tusi lolote duniani, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Nilimngoja anitukane. Ningemshukuru.

"Umenileta kuchekesha udongo," alisema tu.

Kisha akaomba koti. Mama, aliyekuwa ndani kwenye eda, alilipitisha mlangoni bila kuonekana. Akalivaa, halikumtosha mabegani, akafunga funguo kiunoni, akaenda makaburini. Tulimfuata watu saba au wanane, wote wa ukoo, wote watu wasiokuwa na haki ya kucheka.

Alisimama kwenye kichwa cha kaburi, akapanga hewani kidirisha cha stoo kwa mikono yake. Akautoa ule mwendo. Alikuwa ameupata, ulikuwa mwendo wa baba hasa, wa mtu anayetafuta kitasa. Akanyoosha kidole kwangu. "Wewe! Unataka nini hapa?" Ilikuwa sauti ya baba. "Unataka baba? Umejaza fomu? Wino gani huu? Rudi kajaze upya. Hapa hatutoi mtu bila sahihi!"

Akanyamaza hapo, mahali pa kicheko. Alisubiri. Sisi tulisimama pale na midomo yetu. Upepo ulikuwa unapita kwenye migomba. Alimtazama kila mmoja wetu, na nikajua kwamba akiendelea kusubiri namna ile atalia, jambo ambalo mtani halifanyi.

Huko chini barabarani wauza mananasi walikuwa wanashusha mzigo. Sijui nini kiliwatokea, labda mmoja aliteleza, labda tenga lilipasuka, lakini walicheka wote kwa pamoja, kicheko kirefu kilichopanda mpaka kwetu bila nyuso. Mnyamwezi akageuza sikio. Akainua mkono kidogo, kama alivyokuwa akifanya yule Mwingereza, akawasubiri wamalize. Walipomaliza, akalivuta koti likae vizuri mabegani, akaendelea.